Sifa Njema za ext_modules

Kwa heshima na taadhima, naomba kumsifu asiyesifiwa. Bibi harusi ana waimbaji wake, vigogo wana machawa wao, Simba na Yanga wana wasemaji wanaolipwa kwa kazi hiyo. Lakini mstari wa ext_modules ndani ya faili la setup.py haujapata chawa hata mmoja. Nafasi hiyo naiomba mimi, na mshahara sitaki.

Kwa asiyemjua: Python ni lugha rahisi kuandika ila haina mbio. Panapotakiwa kasi, watu huandika kipande hicho kwa C, na kipande hicho lazima kikompailiwe, yaani kigeuzwe kuwa lugha ya mashine, kabla hakijatumika. Kwenye ext_modules ndipo unapoeleza: moduli yangu inaitwa hivi, msimbo wake wa C uko hapa, mafaili ya heda yatafutwe kule, maktaba za kuunganishwa nazo ni hizi. Mistari minne au mitano, basi. Utaratibu huu uliletwa na distutils, iliyoanza kusambazwa pamoja na Python mwaka 2000. Ikatumika hadi uzeeni, ikaondolewa kwenye Python 3.12 Oktoba 2023 bila hafla wala saa ya ukutani, na setuptools ikarithi mikoba. Kizazi kizima cha waandishi wa programu kimelelewa humo, ndiyo maana tuna tabia hizi mnazoziona.

Sifa yake kuu ni ukarimu. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mwenyeji wetu hana subira ya siku tatu: jembe unakabidhiwa mlangoni, viatu hujavua. Tuseme umekuja kuomba lxml, pakeji ya kusomea XML, na mashine yako ni ya aina ambayo hakuna aliyekutengenezea faili la .whl lililokwisha kujengwa. Unaandika pip install, unakaa kusubiri chai. Kwanza unapewa kompaila ya gcc: haipo, kailete. Umeileta. Sasa unapewa Python.h: faili hilo halionekani. Unashangaa, kwa sababu Python ipo, ukiiita inaitika. Ndipo unapofundishwa kwamba kwenye Debian, Python ya kutumia na Python ya kujengea ni mizigo miwili, na wa pili unaitwa python3-dev. Ukihamia Fedora unaitwa python3-devel. Herufi mbili za ziada, nyongeza ya muuzaji. Umeuweka. Unapewa libxml2, ambayo nayo heda zake zimefungwa kwenye mzigo wa pekee. Ukimaliza hiyo, libxslt inakusubiri kwa adabu nyuma yake. Ulikuja kusoma faili moja la risiti, unatoka hapo fundi wa mfumo mzima wa uendeshaji.

Na mkono wake haujui kufunga. Enzi SciPy ilipojengwa kwa setup.py, ukimwomba hiyo kutoka kwenye msimbo asilia alikuongezea kompaila ya Fortran, lugha iliyozaliwa miaka ya 1950, kabla Tanganyika haijapata uhuru. Februari 2021 pakeji ya cryptography, kuanzia toleo la 3.4, ilianza kutaka Rust. Watu waliokuwa wakiijenga wenyewe kwa C tu, tena kwa miaka, waliamka wakakuta jembe jipya limeegeshwa mlangoni. Hata kukunyima anakunyima kwa wingi. Swali lako lilikuwa la ndiyo au hapana, lakini jibu linajaza skrini, linapanda juu, linaendelea kupanda, na habari yenyewe iko katikati, mstari mmoja, umezungukwa na maonyo ambayo hayakuhusu. Bahili angesema “heda haipo” akanyamaza.

Sifa nyingine nazipitia haraka. Ni mtiifu: kwenye orodha ya libraries ukiandika ssl, ataitafuta libssl, ukiandika libssl, ataitafuta liblibssl, bila kuuliza wala kucheka. Anajali ukoo: moduli aliyoijenga hubeba jina lenye cpython-311-x86_64-linux-gnu, na Python 3.12 ikipita karibu haitazamwi usoni. Ni mpole pia. Ukisahau kutaja maktaba moja, kwenye Linux atakujengea moduli yote kimya kimya, akuache uende kulala. Asubuhi unapoiita kazini, mbele ya watu, ndipo inakwambia kuna jina la C isilolijua.

Kuhusu Windows, sifa zinanikwama kooni. Pale ujumbe husema kwamba Microsoft Visual C++ 14.0 au zaidi inahitajika, na ukifuata maelekezo unakuta ni gigabaiti kadhaa. Aliyepanga hivyo hajawahi kuishi kwa bando. Hajamwona mwanafunzi aliyeunganisha laptopu na simu, jicho moja kwenye asilimia zinazopanda, jingine kwenye salio linaloshuka, yote kwa ajili ya moduli ambayo msimbo wake wa C unaenea kwenye ukurasa mmoja. Halafu kuna zile setup.py zilizoanza kwa kuiita numpy, ziulize heda zake ziko wapi, ndani ya faili lilelile lililopaswa kutangaza kwamba numpy inahitajika! Ili uambiwe unachohitaji, sharti uwe nacho tayari. PEP 518 ya mwaka 2016 ilileta pyproject.toml kuondoa balaa hilo, na mpaka leo nazikuta hivyo hivyo. Hapo hakuna cha kusifu. Uvivu mtupu.

Nirudi kwenye adabu. Baada ya maporomoko yote hayo, pip humalizia kwa kauli ya kistaarabu: hitilafu hii imetokea kwenye mchakato mwingine, huenda si tatizo la pip. Yaani aliyepokea ombi lako mlangoni anasema si yeye. Setuptools inasema ni gcc iliyoshindwa. Gcc inasema faili halikuwepo. Debian inasema faili lipo, hukuliomba. Mwandishi wa pakeji anasema kwake inafanya kazi. Na kila mmoja anasema kweli.

Hawa siwalaumu sana. Wengi wao ni watu wa kujitolea, na ni wenzao walioketi wakabuni manylinux, utaratibu wa mafaili ya .whl yaliyokwisha kujengwa, mwaka 2016, wakachagua kujengea kwenye CentOS 5 iliyozeeka ili moduli zikubalike karibu kila Linux ya kawaida. Kwa kazi hiyo, wanaotumia Python wengi hawatakutana na gcc maishani. Hao nawavulia kofia, bila mzaha.

Ofisi ndiyo iliyonishinda. Niliwahi kuomba python3-dev iwekwe kwenye seva ya taasisi moja. Idara ya TEHAMA ilitaka fomu, fomu ikataka saini ya mkuu.

“Kijana, si ulisema Python ipo?”

“Ipo, mkuu.”

“Sasa unaomba Python gani tena?”

“Ya kujengea, mkuu.”

Alinitazama kama niliyeomba nyumba ndogo iwekewe bajeti. Alisaini. TEHAMA wakasema kwa kuwa ni kitu kipya, kipite manunuzi. Manunuzi wakataka proforma tatu, kutoka kwa wazabuni watatu, za kitu ambacho ni cha bure. Nikaeleza kwamba ni bure. Wakasema basi iandikwe, ila proforma zibaki tatu. Wakati huo mpango kazi ulikuwa umetenga siku moja kwa “usakinishaji wa mfumo”, na aliyeuandika alikuwa semina, akifundisha wengine kuandika mipango kazi. Nikarudi TEHAMA kuuliza ombi limekwama wapi. Wakasema halijakwama kwao. Mkuu alisema kwake limeshatoka. Manunuzi walisema kwao halijafika.

Ndipo sifa zangu zilipoacha kuwa za mzaha. Kompaila inapokataa, hutaja jina la faili inalolitaka na namba ya mstari ilipokwamia. Ofisi yenye ustaarabu huo sijaiona bado.