Samaki Asubiri Faili

Delta smelt ni samaki wa saizi ya dagaa: sentimita sita au saba, ananukia tango, na kwa kawaida haishi zaidi ya mwaka mmoja. Kwao ni delta ya mito Sacramento na San Joaquin, California, basi. Tangu 1993 sheria ya Marekani inamlinda, maana anaelekea kutoweka.

Serikali ikapanga kujenga kituo cha kuwatafiti samaki wa delta huko Rio Vista, ukingoni mwa Sacramento. Vizuri. Lakini kwanza ifanywe tathmini ya athari kwa mazingira, yaani na kwa samaki huyohuyo. Kelele za kupigilia nguzo je, zitamdhuru? Na tope? Wananchi nao watoe maoni. Samaki aliyekuwepo kalamu ilipoanza kuandika rasimu keshakuwa marehemu zamani. Wajukuu ndio wanaongoja sahihi.

Tathmini siibezi. Huku kwetu wapo wanaoikumbuka zege likishakauka. Ila mitambo mikubwa inayovuta maji ya delta hiyo kupeleka mashamba ya kusini ilijengwa kabla ya 1970, sheria ya tathmini haijazaliwa. Inavuta mpaka leo.