Namna ya Kufungua Akaunti Isiyo na Mwenyewe

Kila ofisi yenye seva ya Linux, hata ile iliyofichwa kabatini jirani na birika la chai, siku moja itahitaji akaunti ya kazi. Si akaunti ya Asha wala ya Juma, ni ya shughuli: ya bekapu, ya tovuti, ya hifadhidata, ya kupokea malalamiko ya barua pepe. Watu huajiriwa na kuacha, shughuli hubaki. Akaunti hiyo ni koti la mlinzi wa zamu: usiku huu kalivaa huyu, kesho yule, na geti linalindwa vilevile. Mwongozo huu utakuonyesha jinsi ya kulishona koti hilo kwa ustadi, ili siku geti likikutwa wazi kila mmoja aape kwamba hakuwa amelivaa.

Tuanze na jina. Unix ilizaliwa Bell Labs mwaka 1969, na desturi ya ukoo wake ni majina mafupi yanayotaja kazi: lp ya kuchapisha, mail ya barua, www-data ya tovuti ukiwa kwenye Debian. Watu wa OpenBSD, ambao usafi wao unachosha, huanzisha majina ya akaunti za huduma kwa mstari wa chini, kama _ntp au _smtpd, ili jicho liyatofautishe mara moja na majina ya binadamu. Usiwaige. Jina linalotaja kazi huzaa maswali. Akaunti ikiitwa bekapu, siku itakapofuta jedwali la mishahara mtu atauliza bekapu ilifuata nini kule. Iite admin. Ikiwa admin ipo tayari, na bila shaka ipo, iite admin2. Ofisi iliyofikia admin_mpya_final imekomaa kiutawala na haina haja ya kunisoma.

Namba usiihangaikie. Kiini cha mfumo hakijali majina, kinajali namba. Root ni 0, na yeyote aliyepewa 0 ni root hata akiitwa Mwajuma. Kwenye Linux nyingi za leo namba zilizo chini ya 1000 ni za mfumo, binadamu huanzia 1000, na useradd ikiongezewa -r ndipo huchukua namba ya chini kwa ajili ya huduma. Herufi hiyo moja itakuchosha vidole, iache. Ukiwa mvivu zaidi, usifungue akaunti yoyote: endesha huduma zako zote kwa jina la nobody, mwenye namba 65534. Mgeni akishateka huduma moja amezipata zote, kwa sababu machoni pa kiini zote ni mtu mmoja. Systemd ina utaratibu wa DynamicUser, unaozalisha mtumiaji wa muda huduma inapowaka na kumwondoa inapozimwa, lakini huo ni uchoyo kwa wageni.

Sasa fungua /etc/passwd. Kila akaunti ina mstari wake, na kila mstari una sehemu 7 zilizotengwa kwa nukta mbili. Sehemu ya 5 huitwa GECOS. Zamani, pale Bell Labs, ilibeba taarifa za kupeleka kazi za kuchapisha kwenye mashine za General Electric zilizotumia mfumo wa jina hilo. Mashine zilishakwenda, sehemu ikabaki, na wasimamizi wenye adabu huandika humo akaunti ni ya nini, idara gani iliiomba na nani anaijibia. Ndiyo sehemu pekee ya mstari ule inayozungumza na binadamu. Amri ya adduser kwenye Debian itakusihi kabisa: itataka jina kamili, namba ya chumba, simu ya kazini, simu ya nyumbani, na mengineyo. Jibu yote kwa Enter. Ukiandika jina la mtu pale, atapigiwa simu.

Sehemu ya 7 ni sheli. Huduma isiyokaa mbele ya kibodi huwekewa /usr/sbin/nologin, programu ambayo kazi yake yote maishani ni kukuambia kwa upole kwamba akaunti hii haipatikani, kisha kukutoa nje. Wewe weka /bin/bash. Kuna watu huko duniani wanabisha hodi kwenye SSH usiku kucha wakijaribu majina ya admin, test na oracle. Si uungwana mtu ahangaike hivyo, apate nywila, halafu akose hata sheli ya kukalia.

Nywila ndiyo roho ya mradi wetu, kwa hiyo hapa tusiharakishe. Akaunti ya kazi iliyofungwa vizuri haina nywila kabisa. Kwenye /etc/shadow, pale ambapo nywila iliyosimbwa ingekaa, unakuta alama ya mshangao au nyota, na hakuna neno lolote duniani linalolingana na alama hiyo. Anayetaka kuitumia huingia kwanza kwa jina lake, kwa ufunguo wake, ndipo aazime cheo. Unaona tatizo? Mtu anaingia kwa jina lake. Hapo umoja wa ofisi umeshavunjika.

Kwa hiyo ipe nywila. Chukua jina la kampuni, ongeza mwaka, malizia kwa alama ya mshangao ili wakaguzi waone kuna alama maalumu. Itume kwenye kundi la WhatsApp la idara na uibandike juu, ili dereva aliyeongezwa kundini wakati wa msiba, kijana wa mafunzo aliyeondoka mwaka juzi na muuzaji wa printa wasipate shida kuitafuta. Usiibadilishe kamwe. Si kwa uzembe, la hasha: nywila hiyo imeshaandikwa waziwazi ndani ya skripti ya kutoa ripoti, ndani ya faili la usanidi wa tovuti na ndani ya kazi ya cron inayoamka usiku wa manane, na hakuna aliye hai ofisini anayejua orodha kamili. Ukiibadilisha, kitu kitazimika mahali, na utajua kilikuwepo pale kitakapokuwa kimezimika. Hivi ndivyo nywila ya muda inavyopata ajira ya kudumu.

Kuna wanaokimbilia sudo. Ni programu ya zamani ya kuazima cheo. Bob Coggeshall na Cliff Spencer waliiandika mnamo mwaka 1980 kwenye Chuo Kikuu cha Jimbo la New York, Buffalo, na tangu miaka ya 1990 analelewa na Todd Miller mtoto huyo wa wenzake. Hatari yake ni kwamba ina kumbukumbu. Ukiweka kwenye sudoers mstari kama huu:

%dba ALL=(postgres) /usr/bin/psql

basi kila aliye kwenye kundi la dba ataweza kuifungua hifadhidata kwa cheo cha postgres, kwa kutumia nywila yake mwenyewe, na logi itaandika kwamba Asha, saa fulani, kwenye terminali fulani, ameendesha psql. Asha. Kwa jina. Ofisi haiwezi kuishi hivyo. Weka huu badala yake:

admin ALL=(ALL) NOPASSWD: ALL

ALL tatu katika mstari mmoja, wengi wape. Na unapouhariri mstari huo usipite kwenye visudo, maana ina tabia ya kukagua sarufi kabla ya kuhifadhi, na ukaguzi hupunguza msisimko. Fungua faili kwa kihariri cha kawaida, kosea herufi moja, funga, kisha uone kama sudo bado inakutambua.

Bosi akiwa mgumu na ALL hizo, usibishane naye. Omba kibali kidogo tu, cha kufungua vi kama root, ili urekebishe faili moja. Ataona ni kihariri cha maandishi, atasaini. Ukiwa ndani ya vi andika :!sh, na sheli ya root itafunguka mbele yako kama ulivyoiomba. Usimtajie sudoedit. Hiyo hunakili faili, hukuachia uhariri nakala kwa cheo chako mwenyewe, kisha huirudisha mahali pake, na kihariri hakipati harufu ya root hata kidogo.

Ukishazoea, siku zote anza na sudo su - na ukae humo mpaka jioni. Logi ya sudo itasema uliingia. Ulichofanya kwa saa saba zilizofuata ni siri yako na historia ya bash, ambayo faili lake unaweza kulifuta kwa kuwa sasa ni lako. Ila chunga auditd isiwe imewashwa. Ile humpachika mtu namba ya kuingilia tangu alipoingia mlangoni, na namba hiyo humfuata hata akibadilisha cheo mara tatu kwa su. Ni programu isiyo na haya.

Barua pepe tuipitie haraka, kwani wengi mmeshafuzu. Mwaka 1997 Dave Crocker aliandika waraka wa RFC 2142, unaoorodhesha anwani za vyeo ambazo kikoa cha heshima kinatakiwa kuwa nazo: postmaster, abuse, security, hostmaster na nyinginezo. Dunia ikiona seva yako inamwaga taka, itaandika kwa abuse. Wewe ingia /etc/aliases, elekeza abuse kwa postmaster, postmaster kwa root, na root kwa admin, ambaye sanduku lake halifunguliwi na mtu. Ukisahau kuendesha newaliases baada ya hapo, haidhuru, mabadiliko hayatasomwa na matokeo yatafanana. Barua za cron zitajikusanya humo mwaka hadi mwaka zikionya kwamba diski inajaa, mpaka zenyewe ziijaze.

Siku ya kuagana na mfanyakazi inahitaji keki, soda na utulivu. Funguo zake za SSH ziko kwenye authorized_keys ya admin, pamoja na za wengine wote waliokwishaondoka. Ziache, ni kumbukumbu. Mtu wa rasilimali watu akidai akaunti ya anayeondoka ifungwe, endesha usermod -L mbele yake akuone. Amri hiyo hufunga nywila, na kwenye seva nyingi ufunguo wa SSH utaendelea kufungua mlango kama jana. Kuweka na tarehe ya ukomo wa akaunti ndiyo dawa, na ndiyo maana mwongozo wa amri yenyewe umeitaja, na ndiyo maana hatuusomi.

Akidai ifutwe kabisa, tumia userdel. Mafaili yaliyotawanyika kwenye diski hayatafutika, yatabaki na namba tu badala ya jina. Ikiwa aliyeondoka ndiye aliyekuwa na namba kubwa kuliko wote, useradd itamgawia mgeni wa Jumatatu namba ileile, naye ataamka akiwa mrithi wa mikataba, nywila na barua za mtu asiyewahi kumwona. Amri ya find / -nouser ingeyafichua mayatima hayo yote kabla ya Jumatatu. Usiiendeshe, utapata kazi.

Zingatia haya yote na siku ya tukio itakukuta tayari. Jedwali limefutika, wateja wanapiga simu, mkurugenzi ameitisha kikao. Utatoa logi mezani: admin aliingia saa nane usiku, admin alifuta, admin alitoka. Watu kumi na moja wanaijua nywila, wanne kati yao hawafanyi tena kazi hapa, na kundi la WhatsApp lina ujumbe uliobandikwa ambao hakuna anayekumbuka nani aliubandika. Kikao kitaazimia kwamba admin aonywe. Admin hana mshahara wa kukatwa. Msimamizi wa seva anao.