Sifa za Taa ya Manjano

Ndovu wa Tsavo wamesifiwa vya kutosha. Leo naisifu taa ndogo ya manjano yenye umbo la injini, iwakayo kwenye dashibodi ya karibu kila Subaru na Probox iliyochokorwa hapa Voi, pamoja na namba zake tukufu za hitilafu.

Tuanze na P0128, namba ya upole. Fundi anakwambia Voi ni joto, thamostati ya nini, itoe maji yazunguke. Unakubali. Usiku unateremka kuelekea Maungu, upepo unapiga rejeta, injini haipati moto inavyotakiwa. Kompyuta inadhani ndiyo kwanza umeamka, inaendelea kuimiminia petroli ya asubuhi. Haikugombezi. Inawasha taa tu na kuandika kwamba maji hayajafikia joto lake. Nani mwingine anaukumbuka ushauri wa fundi miezi sita baadaye?

Kisha P0420, namba ya uaminifu. Vijana wetu hukata kile kikasha cha kusafishia moshi, wakachomelea bomba tupu ili watu wa Mwatate wajue gari limetoka Voi kabla halijafika. Sasa kuna sensa mbili za oksijeni, moja kabla ya kikasha na nyingine baada yake. Ya nyuma kazi yake ni kutulia, ishara kwamba moshi umesafishwa. Kikasha kikiondoka, inapanda na kushuka sawasawa na ya mbele, na kompyuta inatoa ushahidi. Dawa ya mtaani ni kuisogeza sensa nje ya moshi kwa kiungo cha chuma, yaani shahidi anatolewa nje ya mahakama. Mara nyingine hata huko nje anasema.

Lakini kwa kulisha watu, hakuna kama P0171. Yenyewe inasema neno moja: hewa ni nyingi kuliko petroli. Fundi anachomeka kidude chake chini ya usukani, anaangalia simu, anatangaza: “Bosi, gari yako inataka sensa.” Namba haikutaja sensa yoyote. Anayeuza sensa za mitumba anapata chake, fundi wa waya anapata chake, na bado taa iko palepale. Chujio la hewa la kiwandani lilikwisha tupwa, likawekwa lile la koni lenye mafuta, na mafuta pamoja na vumbi jekundu vikaganda kwenye kiwaya kinachopima hewa. Au bomba limepasuka baada ya kiwaya hicho. Kwa kawaida anayeugundua ufa ni yule kijana wa kushika tochi, aliyesikia injini ikifyonza hewa kando. Huyo hulipwa soda.

Wazee wa gereji wanakumbuka Toyota za zamani, ulipounganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, taa ikakonyeza, nawe ukahesabu. Marekani ililazimisha magari madogo mapya yote yatumie mfumo mmoja kuanzia modeli za 1996, na polepole tukaja kuaibishwa kwa lugha moja karibu duniani kote.

Na kumbukumbu yake! Hitilafu ikiandikwa, kompyuta huhifadhi pia hali ya wakati ule: mizunguko ya injini, joto, kasi. Kijana anaapa mbele ya babake kwamba alikuwa anaenda polepole, mashine inaonyesha 148.

Wenye kuuza magari ndio wanaoichukia zaidi taa hii. Mwerevu hufuta namba asubuhi, lakini mashine itaonyesha kwamba kompyuta bado haijamaliza kujipima, kwa hiyo huenda kuna aliyefuta. Mwerevu zaidi hung’oa taa yenyewe. Mwalimu mmoja mstaafu alipelekewa gari la namna hiyo. Akazungusha ufunguo bila kuwasha injini, taa zote zikawaka isipokuwa moja.

“Mwanangu, na ile ya injini?”

“Mwalimu, hii injini haina shida ndiyo maana haiwaki.”

“Wakati huu inatakiwa kuwaka hata kama haina shida. Niitie fundi aje na mashine.”

Zikatoka namba nne. Mwalimu akalinunua gari, akakata shilingi 20,000 kwa kila namba.