Pongezi kwa mfuko uliobadili nguo

Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya mazingira,

YAH: MFUKO MBADALA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Awali ya yote, pokea pongezi. Tangu tarehe 1 Juni 2019 rambo, yaani mfuko wa plastiki wa kubebea bidhaa, ni haramu Tanzania Bara, na anayekutwa nalo ajiandae kwa faini inayoanzia shilingi 30,000, au kifungo kisichozidi siku saba. Mitaro ilipumua, hilo silibishi.

Kilichonikuna zaidi ni mrithi wake. Mfuko mbadala ukiushika utadhani kitambaa. Kumbe ni polipropilini, plastiki ya mafuta na gesi, iliyoyeyushwa ikavutwa nyuzi, nyuzi zikagandamizwa kwa moto. Yaani marehemu karudi msibani amevaa kanzu, nasi tukampisha mkeka wa mbele.

Na kanenepa! Kiwango kinataka gramu 70 kwa kila mita ya mraba, kwa nia njema kabisa: mfuko udumu, utumike tena na tena. Wakala wa Mazingira wa Uingereza alishapiga hesabu hiyo, akaichapisha mwaka 2011. Kwa upande wa joto la dunia, tangu malighafi hadi jalalani, mfuko wa namna hii sharti utumike mara 11 ndipo ulingane na rambo jepesi lililotumika mara moja. Wa karatasi mara 3. Wa pamba, ule tunaotembea nao kwa maringo sisi wastaarabu, mara 131.

Mara 11, Mheshimiwa! Wangu ulibeba viazi na chupa ya mafuta ya kula, mkono mmoja ukang'oka kabla sijafika kituo cha daladala. Haukuwa na mshono hata wa kusingiziwa, ulibandikwa tu. Viazi vikatangulia kupanda gari. Muuza nyanya wangu hana shida hizo: anafungia kwenye kifungashio angavu kisicho na jina la kiwanda, chepesi kama rambo lenyewe, na mgambo akipita humsalimia, akanunua za mia tano, akaondoka nazo humohumo.

Basi naomba jambo dogo. Kila mfuko mbadala uandikwe idadi ya safari unazopaswa kumaliza. Kisha wapimaji wako waujaze viazi, wautembeze safari zote hizo. Utakaokatika njiani urudishwe kwa aliyeutengeneza, naye alipe ile faini ya shilingi 30,000 inayonisubiri mimi mbebaji. Kwa kila mfuko.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mnunuzi wa viazi