Umenikanyaga Kichwa!

Wiki tatu nililalamika: leo kichwa, kesho shingo, keshokutwa mgongo. Mke wangu alipochoka kunisikiliza, akaenda kunilipia kikao cha kukandwa nyayo. "Inaitwa refleksolojia," alisema, kwa sauti ya mtu ambaye pesa yake imeshatoka. Nikajua hapo hakuna kukataa.

Balaa la kwanza lilinisubiri mlangoni: viatu vinavuliwa nje. Soksi yangu ya kushoto ina tundu, na kidole gumba kilikuwa kimeshachungulia kuona wenyeji. Dada mkandaji hakusema kitu. Alinitumbukiza miguu kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, akayatazama magaga yangu kimya kimya, kama fundi anayetafuta namna ya kumtajia mteja bei.

Ukutani palikuwa na picha ya nyayo mbili zilizogawanywa kama viwanja vilivyopimwa. Kidole gumba ni kichwa. Chini ya vidole ni mapafu. Ini limepewa unyayo wa kulia, moyo wa kushoto, figo zikagawana katikati. Dada akanieleza kwamba upimaji huo ulianzia Marekani: mwaka 1917 daktari William Fitzgerald alichapisha kitabu cha kuugawa mwili kanda kumi, na miaka ya 1930 Eunice Ingham akazishusha kanda hizo nyayoni.

Akabonyeza chini ya vidole. Nikaruka.

"Haya ni mapafu. Kaka unavuta sigara?"

Sijawahi. Ila asubuhi ile nilikuwa nimekanyaga kisoda uani, peku. Kabla sijajitetea, dada alishafika kwenye figo, na mimi natekenyeka kuliko mtoto mchanga. Nikacheka, nikajikaza, nikacheka tena. Mguu ukaruka wenyewe, beseni likapinduka, na maji yakamfikia mzee wa kiti cha pili aliyelala fofofo. Akaamka akiulizia nguo zake kambani.

"Dada," nikauliza ili kuficha aibu, "hii kweli inatibu figo?"

"Figo nenda hospitali, kaka. Mimi nakupumzisha tu."

Jibu hilo lilinilainisha kuliko mafuta yake. Kweli, utafiti haujathibitisha kwamba kubonyeza nyayo kunaponya ugonjwa; lakini miguu iliyonibeba miaka arobaini bila hata kuambiwa ahsante, siku hiyo ilishikwa kwa heshima. Dakika kumi baadaye nilikuwa nakoroma. Aliyeniamsha ni yule mzee. Alikuwa na haki.

Nikatoka mwepesi kama pamba, nikapanda daladala. Konda akapiga kelele kwamba nyuma kuna nafasi, watu wakasukumana, na mama mmoja mwenye kikapu akatua kisigino juu ya kidole gumba changu. Somo lilikuwa bado bichi.

"Mama, umenikanyaga kichwa!"

Gari zima likanyamaza. Mama akanitazama miguuni, akanitazama usoni.

"Pole, mwanangu," akasema kwa upole. "Konda, huyu mshushe hospitali."