Bajeti ya Mkata Maua

Mshahara wa mkata maua wa Timau ukigusa M-Pesa tu, Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa unaojikata wenyewe, hujipakulia kwanza. Ndivyo mambo yalivyo tangu 2019. Kinachobaki, washauri wa fedha wanataka tukigawe kwa kanuni aliyoieneza Elizabeth Warren wa Marekani mwaka 2005: asilimia 50 mahitaji, 30 matamanio, 20 akiba. Sawa. Ila kwa baridi hii ya Mlima Kenya, makaa ya jioni ni hitaji au tamanio? Na harusi ya binamu? Jirani yangu hakungoja jibu. Ameshaanza bajeti, tena kwa mwandiko safi, safu ya “dharura” ikiwa na nyama choma na mkeka wa kubashiri wa Jumamosi. Daftari lenyewe, la jalada gumu, amelinunua kwa Fuliza.