Muulize Babu Mdundo: Taa Zinapepesa, Vyombo Vinalia

*Shikamoo Babu. Nina IST niliyoitoa bandarini mwezi uliopita. Redio inaongea Kijapani, vituo inavyoshika ni vitatu, na kimoja ni cha mahubiri usiku kucha. Fundi wa mtaani kasema gari lina laana ya kwao lilikotoka. Nifanyeje?*
— Mwenye IST, Tabata

Marahaba mwanangu. Hakuna laana hapo, kuna hesabu. Wajapani walipanga FM yao kati ya megahezi 76 na 90, baadaye wakaisogeza mpaka 95. Sisi vituo vyetu vinaanzia karibu na 88 kwenda 108. Redio yako si kiziwi, imezoea kusikiliza mtaa mwingine tu.

Huyo fundi akimaliza habari za laana atakuuzia ekspanda, kikopo kinachochomekwa kati ya waya wa antena na redio. Kazi yake ni kushusha masafa: kikishusha kwa 15, kituo cha 100 utakikuta kwenye 85. Sasa piga hesabu mwenyewe. Redio inayoishia 90 ina nafasi ya namba 14, na vituo vyetu vimetandazwa kwenye namba 20. Shuka fupi, kitanda kirefu. Kila kituo kilichoko juu ya 105 kitalala nje, na kwa bahati yako ndicho kitakachokuwa kinatangaza mpira.

Weka redio nyingine. Ila fundi akishika koleo kutaka kukata waya, mshike mkono. Nyuma ya redio za Toyota nyingi kuna soketi mbili, ya pini 10 na ya pini 6, na adapta zake zinauzwa madukani, unachomeka bila kukata kitu. Nimefungua dashibodi nyingi nikakuta waya zimesokotwa kama nywele za mtoto aliyekimbia saluni, zimefungwa kwa nailoni ya mkate. Na siku betri ikitolewa, kioo cha redio ya zamani kikakudai namba za ERC, usiende kwa mganga. Hiyo ni kufuli ya kuzuia wezi.

*Babu, nimefunga amplifaya ya wati 3000 na sabufa ya inchi 12. Kila mdundo ukipiga, taa za mbele zinapepesa. Juzi trafiki kanisimamisha, anauliza namkonyezea nini. Ninunue betri ya lori?*
— Mzito wa Besi, Nyegezi, Mwanza

Kabla ya betri ya lori, chukua kalamu. Wati ni volti mara ampea. Injini ikiwaka gari lako lina volti 14 hivi. Gawanya 3000 kwa 14, unapata ampea 214. Jenereta ya gari dogo hutoa ampea 80, ikijikaza sana 100, na humo taa, feni na injini yenyewe bado hazijachukua chao. Hizo nyingine unazitoa wapi, kwa jirani?

Sasa igeuze amplifaya, utazame fyuzi zake ubavuni. Nabashiri utakuta moja ya ampea 30. Thelathini mara 14 ni 420, toa kinachopotea kama joto, unabaki na wati 250 kwa siku njema. Ile 3000 ya kwenye boksi ni jina la utani, kama yule mzee wa mtaani kwenu anayeitwa Meja na kambini hajawahi kufika hata kuuza maandazi. Namba ya kuuliza dukani ni ile ya RMS, wati ambazo mashine inaweza kuzitoa mfululizo. Muuzaji akijifanya hajaisikia, rudisha pochi mfukoni.

Lakini taa zinapepesa kweli, hata kwa hizo 250. Basi ugonjwa uko kwenye waya. Chukua wembe, kwangua uzi mmoja wa ule waya mwekundu mnene uliouziwa. Juu ni rangi ya shaba. Ikitokea nyeupe chini yake, ujue umenunua aluminiamu iliyopakwa shaba. Inapitisha umeme, ila kwa unene uleule haifikii shaba tupu. Niliwahi kuletewa waya mnene kama kidole gumba. Nilipoukata, karibu wote ulikuwa plastiki, na kilichokuwa kati hakikuzidi kijiti cha kibiriti.

Ukimaliza huo, fuata mweusi, ethi. Umefungwa wapi? Najua: kwenye bolti ya kiti, juu ya rangi. Rangi haipitishi umeme, hata kama ni ile nyeupe ya lulu mnayoilipia zaidi. Kwangua mpaka bati ling'ae, kaza vizuri, na waya huo uwe mfupi, usizidi nusu mita. Ukisikia mluzi unaopanda na kushuka kadiri unavyokanyaga mafuta, mara nyingi ni ethi hiyohiyo, au waya wa muziki umelazwa pamoja na waya wa umeme. Wapitishe pande tofauti za gari.

Na fyuzi ya waya mkubwa ikae karibu na betri, isizidi sentimita 45. Kule nyuma kwenye amplifaya haisaidii kitu waya ukichubuka chini ya zulia. Hili silisemi kwa kusoma. Nikiwa kijana nilikosa fyuzi nikaweka karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara. Muziki ulipiga vizuri kutoka Chalinze hadi Mlandizi. Kutoka Mlandizi nilikuja nikivutwa na lori, zulia likinuka kama kichwa cha mbuzi kinachochomwa.

Betri ya lori iache. Betri ni pipa, jenereta ndiyo bomba. Ukinunua pipa kubwa na bomba ni lilelile, unachelewesha tu kukauka.

*Babu, mimi ni mke. Mume wangu hufika nyumbani saa kumi na mbili jioni. Tangu aweke muziki, anafika saa ileile, ila anaingia ndani saa mbili. Anakaa garini kafumba macho. Watoto wanamwita baba wa uani. Na vyombo kabatini vinalia.*
— Mama wa Watatu, Kigamboni

Pole mama. Nianze na vyombo, ndivyo ninavyovimudu. Wimbi la besi ya hezi 40 lina urefu wa mita 8 na nusu hivi. Ukuta wako wa tofali una inchi sita. Sauti nyembamba za gitaa na mwimbaji ukuta unazipunguza sana, besi unaiachia ipite. Ndiyo maana yeye huko ndani ya gari anasikia wimbo, na wewe unasikia mtu anatwanga mihogo. Yeye anakula pilau, wewe umeletewa moshi. Mwambie tu hivyo, wengi wao hawajui. Wanadhani nyumba nzima inaburudika. Na mwambie abandike kipande cha sponji nyuma ya kibao cha namba, maana sehemu ya makelele unayoyasikia huenda ni bati hilo.

Kuhusu hayo masaa mawili: kesho akifika, toka, fungua mlango wa kushoto, ukae naye. Akipunguza sauti akusalimie, hakuna tatizo kubwa. Akiongeza, niandikie tena, nitakupa namba ya kadhi.

*Mzee, habari ya huko Bongo. Mimi ni makanga wa matatu, route ya Rongai. Nganya yetu iko na sound poa lakini ile ya wapinzani imetushinda. Tukiongeza amplifaya mara mbili tutawafunika?*
— Kijana wa Mlangoni, Ongata Rongai

Shikamoo yako naona imekwama kwenye foleni, nitaisubiri. Hamtawafunika. Ukiongeza wati mara mbili unapata desibeli 3, na abiria wa kiti cha nyuma anaweza asitambue kama kuna kilichobadilika. Ili sikio liseme sauti imekuwa mara mbili, unahitaji wati kama mara kumi. Kwa hiyo ulizeni kwanza geini yenu imefikishwa wapi. Najua, mwisho. Geini si kitufe cha sauti. Kazi yake ni kulinganisha redio na amplifaya. Ukiizungusha mpaka mwisho mawimbi yanakatwa vichwa, na twita ndizo zinazoungua kwanza. Mkinunua nyingine, nazo zitaungua.

Halafu wewe mwenyewe. Wataalamu wa afya kazini huhesabu desibeli 85 kwa saa nane, na kila ukiongeza 3, muda unakatwa nusu. Ukifika 100 umebakiwa na robo saa. Rongai hadi mjini, asubuhi, ni robo saa? Abiria anashuka akaenda zake. Wewe unarudi na mwingine, mara kadhaa kwa siku, siku sita kwa wiki. Nunua vizibo vya masikio kabla hujanunua amplifaya.

*Babu, nikibandika stika ya kampuni kubwa ya spika kwenye kioo cha nyuma, muziki utakuwa mzuri?*
— Mdadisi, Morogoro

Utakuwa mzuri kwa aliye nje, na mwizi yuko nje.

*Shikamoo Babu. Nina laki mbili na nusu tu, na Vitz. Nianzie wapi?*
— Mwalimu wa Sekondari, Songea

Marahaba mwalimu. Barua kama yako nimeisubiri mwaka mzima. Anza na mlango.

Fungua paneli ya mlango wa mbele. Utaona spika ya kiwandani, ya karatasi, mara nyingi imepigwa ribiti, na pembeni yake matundu ambayo mkono unapita. Spika ikisukuma hewa mbele, nyuma inavuta. Hewa hizo mbili zikikutana kupitia matundu, zinauana, na besi inafia hapohapo kabla haijafika magotini kwako. Ziba matundu hayo kwa shiti za mpira mzito zenye gundi na karatasi ya aluminiamu, zile za kuzuia kelele, uzikandamize mpaka zishike. Ugonge kwa kifundo cha kidole kabla na baada. Kabla mlango unalia debe, baada unalia mninga. Vitundu vya chini kabisa viache wazi, ni vya maji ya mvua yanayoshuka kwenye kioo; ukiviziba mlango utaoza. Na usijaze godoro humo, linanywa maji.

Hapo sasa toa ribiti, funga spika mbili za inchi 6 na nusu za bei ya kawaida. Za nyuma ziache zilivyo. Huko nyuma wanakaa wanafunzi unaowapa lifti, na wao hawalipi.

Mwisho, mwenye Noah nyeupe uliyeniachia sabufa kwa saa moja siku ya Idi: njoo uichukue. Kuku ameatamia ndani ya boksi na sina moyo wa kumfukuza.